Robo Kilo ya Kahawa ya Kagera Mjini Hamburg: Tathmini ya Duka la Biashara ya Haki na ya Mji Wenyewe

Duka ninalotaka kulitathmini hapa lipo Ottensen, upande wa magharibi wa Hamburg, katika mtaa mwembamba ambao mtu asiyeishi jirani hana sababu ya kuupita. Ni mojawapo ya maduka ambayo Wajerumani huyaita Weltladen, yaani duka la dunia, ambamo kila kitu, kuanzia kahawa na chai hadi sabuni, vikapu na sahani za mawe ya Kisii, kimenunuliwa kwa masharti ya biashara ya haki, yaani biashara inayokusudia mzalishaji asipunjwe. Jina lake silitaji, kwa sababu ninayo machache ya kulilaumu na wanaolihudumia ni watu wa kujitolea, na pia kwa sababu mengi nitakayoyasema yanahusu maduka ya aina hiyo yote na, zaidi ya maduka, mji unaojivunia kuwa nayo. Nimekuwa mteja wake kwa miaka minne. Nimezaliwa Kagera, katika nyumba ambayo ada ya shule ilitoka kwenye mibuni, na kwa hiyo ninapoingia humo siwezi kujifanya mnunuzi wa kawaida, kwa maana mimi ni mtoto wa upande wa wauzaji.

Duka lenyewe si kubwa. Ukiingia unakutana kwanza na harufu ya kahawa iliyochanganyika na ya sabuni ya mafuta ya zeituni, kisha rafu tatu za vyakula upande wa kushoto, na upande wa kulia vitu vya mikono: mikoba ya ngozi, mishumaa, vinyago, na vikapu vilivyosukwa kwa ustadi ambao mama zangu wakubwa wangeukubali bila kusita. Kila bidhaa ina kikadi kilichoandikwa kwa kalamu, kinachotaja nchi ilikotoka na kikundi kilichoitengeneza. Anayekaa kwenye kaunta siku za Jumamosi ni mama wa umri wa kustaafu, mwalimu wa zamani, ambaye hukuuliza kwanza unakunywaje kahawa kabla ya kukuonyesha pakiti, na ambaye, akiona humjui mkulima anayetajwa kwenye kikadi, hukueleza habari za kikundi chake kwa dakika tano bila kujali kama umeshaamua kununua. Katika mji ambako maduka mengi sasa yana mashine ya kujilipia mwenyewe, hilo ni jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ninapolisifu duka hili.

Bidhaa niliyoifuata ni kahawa ya punje, robo kilo, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni robusta ya Kagera na iliyobaki ni arabika ya Amerika ya Kusini. Niliikazia macho kwa muda mrefu pale dukani kabla ya kuinunua, kwa kuwa neno Kagera halikuwa mbele ya pakiti. Mbele palikuwa na picha ya jua likichomoza na maneno ya Kijerumani yenye maana ya kahawa kali ya Kiafrika. Jina la mkoa wangu nililikuta nyuma, chini ya maelezo ya namna ya kutunza pakiti, kwa herufi ndogo ambazo zilinibidi nisogee dirishani kuzisoma. Arabika ya wenzetu wa Amerika ya Kusini ilikuwa imetajiwa nchi, wilaya na mwinuko wa mashamba. Sidhani kwamba kuna mtu aliyekusudia kutudharau. Ni desturi ya biashara ya kahawa kuiona arabika kuwa ndiyo yenye jina na robusta kuwa ya kujazia, na watu wa biashara ya haki wameirithi desturi hiyo pamoja na mashine za kukaangia.

Kuhusu ladha sina malalamiko. Nyumbani niliisaga kwa kinu cha mkono, nikaipika kwa birika lile la chuma la Kiitaliano linalopandisha maji kwa mvuke, na povu lililotoka lilikuwa zito, la rangi ya hudhurungi, lisilokatika upesi. Kinywani ina uchungu safi unaokaribia chokoleti isiyo na sukari, na nyuma yake kuna kitu kama moshi mwepesi, ambacho kilinirudisha moja kwa moja kwenye kahawa ya kutafuna ya kwetu, ile inayochemshwa pamoja na majani ya viungo, ikaanikwa, na kuwekwa mbele ya mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Haina uchachu, na kwa mtu aliyezoea kahawa chungu ya pwani inayonywewa kwa kashata itafaa kuliko kahawa nyingi za bei kubwa zinazouzwa mjini hapa, ambazo kwangu zina ladha ya limau. Punje zilikuwa nzima, hazikuchanganyika na vipande, na tarehe ya kukaangwa ilikuwa wiki tatu kabla ya siku niliyonunua, jambo ambalo ni zuri kwa duka lisilo na wateja wengi.

Nililipa yuro 5 na senti 90. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu bei hiyo ina hesabu ndani yake ambayo wanunuzi wengi hawaijui, na wauzaji wenyewe huitaja kwa nadra. Ujerumani hutoza kodi maalumu ya kahawa, yuro 2 na senti 19 kwa kila kilo iliyokaangwa, na kwa hiyo kwenye robo kilo yangu serikali ilichukua karibu senti 55, kabla ya kuongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7. Sasa tazama upande wa pili. Mfumo wa Fairtrade, wenye nembo ya biashara ya haki inayojulikana zaidi, humlipa mkulima, kupitia ushirika wake, nyongeza ya maendeleo ambayo kwetu huitwa premiamu, na kiwango chake ni senti 20 za dola kwa kila ratili (gramu 454 hivi) ya buni, yaani kahawa ambayo haijakaangwa. Buni hupoteza karibu moja ya sita ya uzito wake katika kukaangwa, kwa hiyo robo kilo ya kahawa iliyokaangwa hutokana na gramu 300 hivi za buni, na premiamu yake ni kama senti 13 za dola. Kodi ya kahawa peke yake inaizidi fedha hiyo zaidi ya mara nne. Gerd Müller, alipokuwa waziri wa maendeleo wa Ujerumani, aliwahi kupendekeza kodi hiyo iondolewe kwa kahawa ya biashara ya haki, lakini hadi leo inatozwa sawasawa kwa kahawa ya mkulima aliyelipwa vizuri na ya yule aliyepunjwa.

Nje ya premiamu kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka zaidi yake. Tangu Agosti 2023 bei hiyo ni dola 1 na senti 80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, na dola 1 na senti 20 kwa robusta iliyokaushwa na maganda yake, ambayo ndiyo aina inayolimwa zaidi kwetu. Hizo hazimfikii mkulima mkononi, nami ningependa vikadi vya dukani vilieleze hilo wazi. Ni bei ya mzigo uliokwisha kupakiwa melini, na kabla ya hapo kuna kukoboa, magunia, ghala, na safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba hadi bandari ya Dar es Salaam. Mapema mwaka 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, na katika hali kama hiyo bei ya chini inakuwa haina kazi, ila premiamu tu ndiyo inayobaki kuwa tofauti ya kweli. Lakini wazee wa kwetu wanaukumbuka mwaka 2001, bei hiyo hiyo ilipoanguka chini ya senti 50, watu wakang'oa mibuni au wakaiacha imezwe na magugu. Bei ya chini imewekwa kwa ajili ya miaka ya namna ile, na anayeiona kuwa haina maana leo anahukumu mwavuli wakati wa kiangazi.

Jioni ile nilimpigia simu baba. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsomea maneno ya kwenye pakiti, nikimtafsiria moja moja, naye akasikiliza hadi mwisho ndipo akauliza: "Sasa mama, na hiyo robo kilo wanaiuzaje huko?" Nilipomtajia bei alinyamaza, akapiga hesabu yake mwenyewe kwa shilingi, kisha hakusema neno juu ya bei. Aliuliza kama waliolinunua zao hilo walitoa fedha mapema. Swali hilo linaeleweka na kila mtu wa Kagera, kwa sababu ugonjwa wa kwetu wa siku nyingi ni butura: mkulima mwenye mgonjwa, mwenye msiba au mwenye mtoto aliyefukuzwa shule huuza kahawa yake ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yanapofika anamchumia mtu mwingine. Masharti ya Fairtrade yanamruhusu ushirika kuomba hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla ya kupeleka mzigo, na ushirika ulio imara unaweza kuzitumia fedha hizo kuwapa wanachama malipo ya awali. Kwa baba yangu, kipengele hicho ambacho hakuna pakiti inayokitaja kina uzito kuliko senti 20 za premiamu. Ninawashauri wenye maduka haya wakiandike kwenye vikadi vyao, kwa kuwa mteja wa Ottensen anayejua habari ya butura ataelewa biashara ya haki kwa haraka kuliko kwa picha ya jua.

Jambo jingine ambalo lingefaa kuelezwa ni la KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, ambacho kilitumia sehemu ya mapato yake ya biashara ya haki kununua hisa katika Tanica, kile kiwanda cha Bukoba kinachotengeneza kahawa ya unga ya Africafé inayojulikana katika kila jiko la Tanzania. Huo ni mfano wa fedha iliyovuka kutoka kwenye bei ya buni hadi kwenye umiliki wa mashine. Kopo la Africafé nimelikuta Hamburg kwenye maduka ya Waafrika karibu na kituo kikuu cha treni, lakini katika duka hili la haki halipo, na nilipouliza niliambiwa kwamba wateja hawanywi kahawa ya unga. Huenda ni kweli. Hata hivyo naona ajabu kwamba rafu inayotangaza haki kwa mkulima imejaa kahawa iliyokaangwa Ujerumani, wakati ile iliyosindikwa kwao wakulima haina nafasi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini niende hadi Ottensen, ilhali kila duka kubwa la vyakula linauza kahawa, ndizi na hata maua ya waridi ya Kenya yenye nembo ya Fairtrade? Jibu langu ni kwamba vitu hivi viwili havifanani, ingawa vyote vina manufaa. Nembo inathibitisha bidhaa. Duka kubwa linaweza kuwa na aina 40 za kahawa, moja ikiwa na nembo, na 39 zilizobaki zikinunuliwa kwa namna yoyote. Weltladen huthibitisha duka zima, pamoja na waagizaji linaonunua kwao, ambao kwa kawaida wamefanya kazi na ushirika ule ule kwa miaka mingi na hawamkimbii mkulima mvua zinapokosekana. Kwa upande wa wingi, nembo imeshinda, na sina kinyongo nayo, kwa maana ushirika unaouza makontena kumi kwa duka kubwa unapata zaidi ya unaouza magunia kumi kwa akina mama wa kujitolea. Lakini imani ya nembo ilijengwa na maduka kama haya, na yakifungwa sijui ni nani atakayebaki akiuliza maswali.

Sasa kasoro zake. Duka hufungwa saa nane mchana siku ya Jumamosi, na siku za kazi hufungwa kabla ya mtu anayefanya kazi ya zamu kama mimi hajatoka. Maelezo yote ni ya Kijerumani tu, katika mtaa wenye wakazi wa lugha nyingi. Mara mbili nimenunua korosho zilizokuwa zimebakiza siku chache kuisha muda, bila kuelezwa na bila kupunguziwa bei. Kubwa kuliko hayo, watu wenye ngozi kama yangu ninaowakuta humo ni wale walio kwenye picha za ukutani. Nilipolisema hili, kwa heshima, yule mama mwalimu hakujitetea. Alinivutia kiti, akaniomba nimwonyeshe namna ya kutamka jina la mkoa wetu, akaliandika kwenye daftari. Jumamosi iliyofuata kikadi cha kahawa kilikuwa kimebadilishwa, na neno KAGERA limeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla ya bei.

Nikitoka dukani nikashuka hadi mtoni Elbe na kufuata ukingo kuelekea mashariki, ninafika Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu ambayo tangu mwaka 2015 yamo katika orodha ya urithi wa dunia, na ambamo kahawa, chai, viungo na mazulia ya dunia vilihifadhiwa kwa zaidi ya karne. Hamburg na pwani yetu wanajuana tangu zamani. Kampuni ya O'Swald ya hapa ilikuwa na nyumba yake ya biashara Unguja tangu katikati ya karne ya 19, na faida yake ya mwanzo ilitokana kwa sehemu kubwa na simbi, kauri zilizookotwa pwani ya Afrika Mashariki kwa bei ndogo na kupelekwa Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Hanse, yaani miji ya kale ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, Hamburg ikiwamo, ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyefika hapa mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa mji huu, amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf. Ninayataja haya kwa sababu biashara ile ya simbi ilisimama juu ya jambo moja: tajiri alizijua bei za pande mbili za bahari, na muokotaji aliijua ya upande wake peke yake. Mkulima asiyejua robo kilo inauzwaje Hamburg yuko pale pale alipokuwa muokota simbi, na kazi ya kwanza ya biashara ya haki ni kuiweka bei ya pande zote mbili hadharani.

Hapo ndipo mji unapoingia. Hamburg imekuwa na hadhi ya mji wa Fairtrade tangu mwaka 2011. Hadhi hiyo ilianzia Garstang, mji mdogo wa Lancashire nchini Uingereza, ambao wakazi wake walijitangaza mwaka 2000 kuwa mji wa kwanza wa namna hiyo duniani, na leo miji yenye hadhi hiyo imepita 2,000. Ujerumani inadai masharti matano: azimio la baraza la mji, kamati ya kuratibu, idadi fulani ya maduka na migahawa kulingana na wingi wa watu, ushiriki wa shule, makanisa na vyama, na habari katika vyombo vya habari. Azimio la baraza linataka kahawa ya biashara ya haki, pamoja na bidhaa nyingine moja, iwepo kwenye vikao vya baraza na katika ofisi ya meya. Ni masharti mazuri ya kuanzia, na duka ninalolizungumzia ni moja ya maduka yanayohesabiwa katika sharti la tatu.

Lakini sharti hilo la kwanza linaishia kwenye meza ya waheshimiwa. Mwaka jana nilikaa zaidi ya saa tatu katika ofisi moja ya umma ya mji huu nikisubiri kuhuishiwa kibali cha ukaazi, na kwenye korido palikuwa na mashine ya kahawa ya kutumbukiza sarafu. Niliikagua pande zote nikitafuta nembo yoyote, sikuiona, na kahawa yenyewe ilitoka katika kikombe cha karatasi cha kutupa. Juu ya mashine, ukutani, lilikuwa limebandikwa bango linalosema kwamba Hamburg ni mji wa biashara ya haki. Siku ile watu wasiopungua 60 walipita mbele ya mashine hiyo nikiwa nimekaa, na wengi wao, kwa sura na kwa lugha, walitoka katika nchi zinazolima kahawa. Nililinganisha moyoni na duka la Ottensen, ambalo kwa Jumamosi nzima huenda lisiwauzie kahawa watu 20. Tukiendelea kumtegemea mteja mmoja mmoja mwenye dhamiri njema, biashara ya haki itabaki kuwa ya mitaa yenye uwezo. Mnunuzi mkubwa wa kahawa, wa sare za kazi, wa mipira ya shule na wa mawe ya kutandikia barabara ni mji wenyewe, kwa fedha za kodi zetu sote.

Wapo maofisa wanaosema kwamba sheria za zabuni haziruhusu kuchagua bidhaa kwa sababu ya haki za wakulima, kwa kuwa zinataka ushindani huru. Jibu la hoja hiyo limekwisha kutolewa. Tarehe 10 Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya jimbo la Noord-Holland la Uholanzi, lililotangaza zabuni ya mashine za kahawa, mashine kama ile ya korido, na kutaka kahawa yenye nembo maalumu. Mahakama ililikosoa jimbo kwa kudai nembo kwa jina bila kueleza masharti yaliyomo ndani yake, lakini ilikubali kwamba mnunuzi wa umma anaweza kuweka masharti ya kijamii kama hayo ya biashara ya haki, mradi ayaeleze na apokee uthibitisho mwingine ulio sawa. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2014 ulikwenda mbele zaidi, ukaruhusu nembo zenyewe zitajwe kwenye zabuni, ili mradi nembo nyingine zenye masharti sawa zikubaliwe. Sheria ya zabuni ya Hamburg nayo inavitaja viwango vya Shirika la Kazi Duniani. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni mtu wa kuandika mstari huo katika hati ya zabuni na mtu wa pili wa kuja kuukagua.

Na mji huu unajua kufanya hivyo unapotaka. Mwaka 2016 Hamburg ilitoa mwongozo wa ununuzi uliopiga marufuku kutumia fedha za umma kununua kahawa ya vikopo vidogo vya mashine vya kutupa na vinywaji vya chupa za kutumika mara moja, habari iliyosambaa duniani kote. Tangu Januari 2023 sheria ya Ujerumani inaitaka migahawa mingi inayouza vyakula na vinywaji vya kuondoka navyo iwe na chombo cha kurudisha sambamba na cha kutupa. Katika duka la Ottensen mteja anaweza kuja na mtungi wake akajaziwa punje, dengu au mchele, na hupunguziwa bei kidogo. Nimeacha kuhesabu pakiti nilizoziepuka kwa njia hiyo. Kuna na habari njema upande wa pili wa bahari, kwani Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, na huko Mabwepande, Kinondoni, kipo kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji kilichojengwa kwa ushirikiano huo. Ndugu wanaoweza kusaidiana kuzoa maganda ya ndizi wangeweza pia kununuliana kahawa, na ofisi ya mji ambayo ina mji dada nchini Tanzania ingeipa kahawa ya Tanzania nafasi ya kuonjwa kabla ya nyingine.

Neno la tahadhari kuhusu upande wa mazingira. Sheria ya Ulaya dhidi ya ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023 na ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, itataka kila shamba lililotoa kahawa lijulikane lilipo kwa vipimo vya satelaiti. Shamba la kwetu ni kibanja: mibuni chini ya migomba, maharage katikati, na miti ya kivuli iliyopandwa na babu. Hakuna msitu uliokatwa hapo, lakini kulithibitisha hilo kwa maelfu ya vibanja vyenye ukubwa wa nusu ekari kuna gharama, na mnunuzi asiye na uvumilivu ataona ni rahisi kwenda kwenye mashamba makubwa ya nchi nyingine. Nilimuuliza yule mama wa kaunta kama waagizaji wao wanachangia gharama ya upimaji huo. Aliniambia hajui, akalichukua swali langu kwa maandishi, na wiki mbili baadaye akanipa jibu la mwagizaji mmoja, lililosema kwamba anachangia. Huduma ya namna hiyo sijawahi kuipata katika duka jingine lolote hapa mjini.

Kwa hiyo, kahawa naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia mpaka jina la Kagera lihame kutoka nyuma ya pakiti hadi mbele. Duka nalipa nne, kwa ukweli wa watu wake na licha ya saa zake za kufunga. Mji wenye bango ukutani na mashine isiyo na nembo chini yake naupa mbili. Atakayekwenda Ottensen aende Jumamosi kabla ya saa sita, achukue mtungi wenye mfuniko, na aulize robusta iliyo kwenye rafu ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza ni ya arabika pekee.

Pakiti yangu tupu nimempelekea baba kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akisafiri, kwa sababu aliiomba aende nayo kwenye mkutano wa chama cha msingi. Nakala ya maelezo yake nimeiambatisha pia kwenye barua ya ukurasa mmoja niliyomwandikia mjumbe wa baraza la wilaya ninamoishi, pamoja na tarehe ya ile hukumu ya mwaka 2012, nikimuuliza mkataba wa mashine ya kahawa ya korido ile unakwisha lini na ni nani anayeandika masharti ya zabuni itakayofuata.